Nyuzi Nne za Ubavu wa Kulia

Mashua yetu ina urefu wa mita sita na hukaa juu ya tela. Nasema yetu kwa kuwa tuliinunua wawili, mimi na mtani wangu, ingawa inalala uani kwake Upplands Väsby. Mimi naishi ghorofa ya tano huko Rissne, pembezoni mwa Stockholm, na ua wangu ni kibaraza cha kuanikia nguo. Kila tukienda ziwani tunasimamisha mlingoti, na kila tukirudi tunaulaza. Unashikiliwa na nyaya sita za chuma: mmoja wa mbele, mmoja wa nyuma, na mbili kila ubavu, mrefu unaofika kileleni na mfupi unaoishia katikati. Asiyezoea matanga hudhani mlingoti umesimama kwa nguvu zake, kama mti. Haukusimama. Umevutwa pande zote kwa wakati mmoja, na upande mmoja ukiachia, unalala.

Mtani wangu ni Mhehe wa Iringa, muuguzi katika wodi ya mifupa. Mimi ni Mngoni wa Songea. Zamani nilikusanya habari za redio mkoani; sasa natunza ghala la vipuri vya lifti kusini mwa Stockholm. Babu zetu walipigana vita, na sisi wajukuu tukarithi ruhusa ya kutukanana. Tumeivusha bahari ruhusa hiyo na kuitunza kuliko vitu vingine vingi tulivyokuja navyo. Mwaka juzi nilimpigia simu nikamwambia tela limeibiwa. Akatoka kazini mbio akiwa na viatu vya wodini, akanikuta nimekaa juu ya tela lile lile nakunywa chai. Miezi miwili baadaye, kwenye sherehe ya Watanzania huko Fittja, nikiwa jikoni nakata kachumbari, alisimama ukumbini akaomba watu wanyamaze dakika moja kwa ajili ya marehemu mimi. Nilitoka na kisu mkononi kuuliza kwa nini kumekuwa kimya. Mama mmoja wa makamo alikuwa ameshaanza kulia.

Naeleza hayo mapema kwa sababu bila hayo yaliyofuata yataonekana kama ujinga mtupu. Yalikuwa ujinga, ila ulikuwa na chanzo chake.

Vuli iliyopita, tulipoitoa mashua majini kwa ajili ya majira ya baridi, nilizifunga ncha za chini za nyaya zote nne za ubavuni kwa mpira wa tyubu. Nilikata tyubu ya baiskeli vipande virefu vya upana wa kidole, nikavivuta hadi vikawa vyembamba, nikazungusha, kila mzunguko ukilalia nusu ya ule uliotangulia. Hivyo ndivyo baba alivyofunga mpini wa jembe, kiti cha baiskeli, mguu wa meza na bomba lililovuja nyuma ya nyumba. Kwetu, kitu kilichofungwa mpira wa tyubu ni kitu kilichotunzwa. Na ncha hizo ndizo zinazoteseka: hupinda kila mlingoti unapolazwa, hugonga kingo za tela, husuguana barabarani. Niliona nizilinde.

Mtani alisimama na kikombe chake akinitazama. "Mngoni hawezi kuona kitu akakiacha wazi," akasema. "Lazima akiviringe kama panya anayekwenda kubanikwa."

"Na wewe ukikiona wazi unakipigia mluzi, ukidhani ni mbwa wa kitoweo," nikamjibu, nikaendelea kuzungusha.

Nilipomaliza niliandika kwenye daftari la mashua: nyaya za ubavuni, ncha za chini, zimefungwa vizuri. Neno vizuri nililiandika mimi mwenyewe.

Alhamisi moja ya mwezi Mei nilipita uani kwake baada ya kazi kujaza upepo matairi ya tela. Nyumbani hapakuwa na mtu. Tunatumia mashua kwa zamu, na Jumamosi iliyokuwa inakuja ilikuwa yake. Alipanga kumpeleka mkewe ziwani kwa mara ya kwanza. Mkewe ni mtu wa Bukavu, mwanamke mtulivu, hajui kuogelea, na tangu tununue mashua alikuwa ameiangalia kutoka dirisha la jikoni tu. Mwaka huu alikubali. Alikuwa amejinunulia koti lake la kujiokolea, la rangi ya machungwa, na mtani alilitangaza kwa watu kana kwamba ni mtoto amezaliwa.

Nilipoinuka kutoka kwenye tairi la kulia niliona mstari wa kahawia umeteremka kwenye ubavu mweupe wa mashua, ukianzia chini ya mpira wangu. Kutu. Nyaya hizi ni za chuma kinachosifiwa kwamba hakishiki kutu, kwa hiyo nilisimama pale kwa muda nikitafuta sababu nyingine. Sikuipata. Nikatoa kisu kidogo nikaupasua mpira. Kwanza yalitoka maji, kiasi cha kijiko, rangi ya chai isiyo na maziwa. Kisha ikaja harufu ya sarafu za zamani.

Ukitaka kujua hali ya waya usiyaamini macho, na usipitishe kidole kitupu. Chukua pamba uipitishe taratibu kuanzia juu hadi chini. Uzi uliokatika utainasa. Nilichukua pamba kwenye kisanduku cha huduma ya kwanza cha gari. Waya wetu una nyuzi kumi na tisa zilizosokotwa pamoja. Ulikuwa ule mrefu wa kulia, na pale unapoingia ndani ya kikombe cha chuma kinachoubana, pamba ilinasa mara nne. Nne zilizoonekana. Zilizomo ndani ya kikombe hakuna awezaye kuzihesabu. Nikafungua mipira mingine mitatu. Chini yake kulikuwa na madoa, lakini pamba ilipita.

Nilipiga picha, nikaweka sarafu kando ya waya ili ukubwa uonekane, kisha nikampigia simu mtani. Alikuwa wodini, mapumzikoni.

"Mhehe, waya mrefu wa kulia umekatika nyuzi nne."

"Mngoni amepata waya. Humo ndani ulikuwa unatafuta nini, panya?"

"Nasema kweli. Ukitoka nao Jumamosi mlingoti utaanguka."

"Ukiniangukia, utakuja msibani?"

"Nitakuja."

"Utakaa wapi?"

"Juu ya jeneza," nikasema, "na sishuki mpaka nipewe jogoo."

Ulimi ulinitangulia. Alicheka hadi nikasikia mwenzake wa wodini akimuuliza kwa Kiswidi kuna nini. Anayejua utani wetu anajua kwamba msiba ndio uwanja wake hasa. Mtani ndiye anayeingia kaburini kupima kama marehemu atatosha. Ndiye anayemwiga marehemu mbele ya wajane mpaka wacheke huku wanalia. Kwa hiyo nilipomwambia mtani wangu kwamba atakufa, nilikuwa nimesema jambo la kawaida kuliko yote tuliyowahi kuambiana. Nilituma picha. Akajibu kwa sauti iliyorekodiwa, ikiwa na kicheko: "Hiyo umeitoa kwenye mtandao. Hata sarafu ni ya huko mtandaoni. Jumamosi ni zamu yangu, Mngoni, lala."

Ningeweza kupiga tena na kusema neno moja tu lisilo na mzaha. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, na najua kwa nini sikupiga. Kumwambia kwa dhati kwamba waya umeoza kungenilazimu nimwambie umeoza kwa nini. Mpira ulikuwa wangu. Nilikuwa tayari nimeanza kushuku, kwa sababu kutu ilikomea pale pale mpira ulipokomea, kama mstari uliopigwa kwa rula.

Badala ya kusema, niliuchukua waya. Mlingoti ulikuwa umelala kwenye tela, kwa hiyo nilitoa pini ya chini sitahani na pini ya juu kileleni, nikauviringisha waya, nikautia kwenye begi. Bila waya huo mlingoti haufai kusimamishwa. Nikajiambia mambo yamekwisha. Kwenye treni nilikaa na begi mapajani, na kila mara nililigusa kuhakikisha waya umo.

Ijumaa niliomba ruhusa ya saa mbili nikaupeleka kwa fundi wa nyaya, mama mmoja Mswidi mwenye karakana ndogo karibu na maji. Aliushika, akaugeuza kwenye mwanga, akakwangua kwa ukucha mabaki meusi yaliyogandia.

"Hii ni nini?"

"Mpira."

"Nani aliufunga?"

"Aliyekuwa na mashua kabla yetu," nikasema.

Aliyekuwa na mashua kabla yetu ni mzee wa watu aliyetuuzia kwa uaminifu na kutuachia hata vikombe. Fundi alitikisa kichwa kwa ajili yake. Akanieleza kwamba chuma hiki hakishiki kutu mradi kinapata hewa. Ukikifunika kikiwa na unyevu, kwa mpira au kwa plastiki, kinajila kutoka ndani, na nje kinaendelea kung'aa. Anayefunga hudhani analinda, akasema. Kisha akasema nyaya zote sita zina umri mmoja na zimebeba mzigo mmoja, kwa hiyo zibadilishwe zote. Angezikata na kuzibana ncha zake, zingekuwa tayari baada ya wiki moja. Alibaki na ule mbovu wa kupimia. Nilimpa vipimo vya nyingine tano kutoka kwenye daftari langu, na akanisifu kwa mwandiko.

Jioni ile nilianza kumwandikia ujumbe mke wa mtani. Niliandika, nikafuta. Niliona hauna haja. Waya uko kwa fundi, mlingoti umelala, na Jumamosi watakunywa chai nyumbani wakinilaani.

Jumamosi nilikuwa ghalani nahesabu mikanda ya milango ya lifti wakati picha ilipoingia kwenye simu. Ilikuwa imepigwa kutoka nyuma ya mashua. Mke wa mtani amekaa wima ndani ya koti lake la machungwa, mikono miwili imeshika ukingo. Nyuma yake ziwa la Mälaren, na juu yake tanga limejaa upepo. Chini ya picha mtani ameandika: Mtani huiba kuku, wewe umeiba waya. Tumepata mwingine.

Nilikuwa nimesahau sehemu hiyo ya sheria zetu. Mtani anaruhusiwa kukuchukulia kitu chako. Unachotakiwa kufanya ni kutokasirika na kutafuta njia ya kumshinda. Nilipoondoa waya nilidhani nimeifunga mashua. Yeye alipokuta waya haupo alidhani nimechokoza, na akaenda bandani kutafuta jibu.

Niliikuza picha kwa vidole. Waya mrefu wa kulia ulikuwa na kipindo kidogo chini, kama goti. Nilikijua kipindo kile. Yule mzee alipotuuzia mashua alitupa pia debe lenye nyaya zake za zamani, zile alizokuwa amezivua kwa sababu zimechoka, akasema tuzitupe tukipata nafasi. Ule wa kulia uliwahi kubanwa na ndoano ya tela. Sikuzitupa. Mikono yangu haijui kutupa chuma. Nilizipanga vizuri ndani ya debe, nikalisukuma chini ya rafu bandani kwa mtani, na juu ya kifuniko nikaandika kwa kalamu nene: AKIBA.

Nje ya dirisha la ghala bendera ya kampuni jirani ilikuwa imenyooka kabisa kwa upepo.

Nilimpigia. Alipokea, nikasikia upepo na kicheko. "Mngoni, uko kazini? Pole sana." Akakata. Nilipiga tena, hakupokea. Nikapiga mara ya tatu. Nikampigia mkewe.

"Shemeji, habari ya kazi?" Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu anayejitahidi kufurahi.

"Shemeji, umekaa upande gani wa mashua?"

"Niko huku kwenye imeinuka. Yeye ananiambia nikae huku, nifanye uzito."

"Ukitazama mbele, ni mkono gani?"

"Wa kuume."

Upande unaoinuka ndio upepo unakotokea, na waya wa upande huo ndio unaobeba kila kitu. Ulikuwa kulia. Waya wenye goti ulikuwa umesimama mbele ya magoti yake.

"Shemeji, ule waya ni mbovu. Unaweza kukatika sasa hivi."

"Ni kweli ao ni ile michezo yenu? Maana miye siielewagi."

Hapo nilitaka kuapa, na nikajizuia. Nimewasikia watani wakiapa kwa makaburi ya mama zao na papo hapo wakacheka. Kazi ya redio ilinifundisha kwamba shahidi aliyeona mwenyewe ni bora kuliko shahidi aliyeambiwa na mtu mwaminifu, na mimi sikuwa hata mtu mwaminifu.

"Usiniamini," nikamwambia. "Mbele yako kuna nyaya mbili. Usiziguse. Tazama ule mrefu, chini kabisa, pale unapoingia kwenye chuma. Niambie unaona nini."

Nilisikia maji yakipiga ubavu. Nilimsikia mtani akiuliza anazungumza na nani.

"Naona iko na tunyuzi tunatoka inje. Kama ndevu."

"Ngapi?"

"Moya. Mbili. Tatu." Akakoma. "Shemeji, hii ingine iko inajifungua. Iko inazunguka yenyewe, pole pole."

"Mwambie ageuze mashua mpaka upepo uje kutoka mkono wa kushoto. Kisha ashushe tanga. Mwambie hivyo tu."

Alimwambia kwa Kiswidi, lugha ambayo kwa kawaida huitumia kwa ofisi na kwa simu za watu asiowajua. "Vänd båten. Nu." Geuza mashua. Sasa.

"Nini tena?" sauti ya mtani ikasema. "Ni yule Mngoni?"

"Hapana," akasema. "Ni miye."

Kisha kulikuwa na kishindo cha tanga likipigwapigwa, kitu kizito kikaanguka, mtu akasema neno ambalo sikulishika, na simu ikakatika.

Nilipiga tena. Mara saba, kwa mujibu wa simu yenyewe. Nilimwendea msimamizi wangu nikamwambia rafiki zangu wako ziwani na mlingoti wao unaanguka. Hakunielewa vizuri lakini aliuona uso wangu, akaniambia niende. Nikapanda treni ya kaskazini. Siwezi kusema mengi kuhusu safari ile. Nakumbuka mbele yangu alikaa mwanamke akimenya chungwa kwa uangalifu mkubwa, ngozi yote kwa mzunguko mmoja, na nilimchukia kwa utulivu wake. Nilifanya hesabu. Mlingoti wetu una uzito wa mtu mwembamba. Ukianguka huanguka upande usio na upepo, mbali na yule aliyekaa juu. Hilo lilikuwa jema. Lakini anayeshika usukani hukaa nyuma, na waya wa nyuma ukivutwa hupita pale pale ilipo shingo yake. Maji ya Mei huko huuma kama moto. Koti la kujiokolea humfanya mtu aelee; halimpi joto. Nikaanza hesabu upya, nikitafuta namna ya kuifanya itoe jibu jingine.

Kutoka kituo cha Väsby nilichukua teksi hadi kwenye mteremko wa zege tunaposhushia mashua. Gari la mtani lilikuwepo, na tela tupu nyuma yake. Ziwani kulikuwa na mawimbi madogo meupe na hakuna tanga hata moja. Nilisimama kwenye ncha ya gati. Ilipita kama robo saa kabla sijaiona mashua ikizunguka mwamba, na nilichokiona kwanza ni mlingoti, umesimama, umeinama kidogo upande wa kushoto. Tanga lilikuwa chini limerundikana. Injini ndogo ya nyuma ilikuwa inakohoa. Nikahesabu vichwa. Viwili.

Walipokaribia niliona ilivyokuwa. Kamba ya kupandishia tanga la mbele ilikuwa imevutwa ikafungwa ukingoni upande wa kulia, mahali pa waya. Waya wenyewe ulikuwa unaning'inia kutoka kileleni, na ncha yake ya chini inapigapiga hewani. Mtani alinieleza baadaye kwamba alipogeuza, na mzigo ukahamia upande wa pili, aliunyoshea mkono waya ule kuujaribu, ukabaki mkononi mwake. Hakuuvuta. Aliushika tu.

Mkewe alishuka bila kusaidiwa. Alikwenda akakaa kwenye jiwe, akaanza kufungua koti lake kifungo kimoja kimoja, polepole. Nilimsalimu. Akaitikia, ila hakunitazama.

Mtani alifunga mashua gatini. Alipomaliza alibaki ameinama, mkono juu ya fundo.

"Ulijua tangu Alhamisi," akasema.

"Nilikwambia."

"Hukuniambia. Ulinitania."

Nilisema lile jingine. Nilimweleza kwamba mpira niliofunga ndio uliouozesha ule waya wa kwanza. Fundi aliniuliza nani aliufunga, na nilimsingizia yule mzee. Na lile debe nililiandika akiba wakati ni takataka. Nilisema yote kwa mpangilio, kama ripoti. Nilipomaliza nilisubiri. Mngoni aliyekiri makosa matatu mbele ya Mhehe ni sikukuu. Kwa chakula hicho mtani angeweza kuishi mwaka mzima.

"Njoo ushike mlingoti tuulaze," akasema.

Wiki iliyofuata nyaya mpya zilikuwa tayari. Nilipokwenda kuzichukua, pamoja na ule mbovu, nilimwambia fundi kwamba mpira ulikuwa wangu. Alisema alijua, kwa sababu nilikuwa nimesimama kama mtu aliyefunga. Tulizitandaza nyaya zote sita uani Väsby, za zamani kando ya mpya, tukapima kila jozi, tukiwa tumetundika za zamani kwenye msumari mmoja ili urefu usitudanganye. Tuliingiza pini mpya, na kila pini tukaipa kipini chake kidogo cha kuizuia isitoke, ncha zake tukizikunja kiasi cha kutosha na si zaidi. Tulipaka mafuta kwenye skrubu za kukazia. Ncha za chini tuliziacha wazi, na mikono yangu haikujua ifanye nini. Kazi iliyostahili saa mbili ilichukua tano, kwa sababu kila mmoja alikagua alichokagua mwenzake.

Mtani alizungumza nami kwa adabu siku nzima. "Nipe koleo, tafadhali." "Asante, ndugu." Ndugu. Tangu tujuane hajawahi kuniita hivyo. Nilitamani anitukane. Mchana alilibeba debe la nyaya za zamani hadi kwenye gari, akalipeleka mwenyewe kwenye eneo la kutupia vyuma, akarudi bila debe.

Tuliposimamisha mlingoti mkewe alitoka nje. Alitembea kuizunguka mashua, akishika kila waya kwa kiganja na kuuvuta kuelekea kwake, jinsi anavyojaribu kamba ya nguo kabla ya kuanika blanketi. Kwenye ule mrefu wa kulia aliinama, akautazama chini kabisa, muda mrefu.

"Hii iko na nyuzi ngapi?"

"Kumi na tisa," mumewe akasema.

Alikuwa ananiuliza mimi. Nikasema kumi na tisa.

Hajapanda tena tangu siku ile. Hakuna aliyemwomba. Lakini kila tukienda, yeye huja hadi gatini na huuliza kabla hatujafungua kamba. Jumapili iliyopita upepo ulikuwa mwepesi, na mumewe alikuwa tayari amekaa kwenye usukani.

"Shemeji, umezitazama?"

"Zote sita."

"Lini?"

"Asubuhi hii, kabla ya kusimamisha."

"Na wewe mwenyewe, ao ulimwachia yeye?"

"Mimi mwenyewe. Halafu yeye."

"Basi, muende," akasema.

Tuliisukuma mashua. Mtani alivuta tanga, nami nikakaa upande unaoinuka, macho yangu chini, pale waya unapoingia kwenye chuma. Nilipogeuka, shemeji alikuwa bado amesimama gatini. Niligeuka tena tulipoukaribia mwamba, na bado alikuwepo.